Shtaki barua, usishtaki uchaguzi: lini mahakama ya Marekani inaweza kupitia uamuzi wa serikali kuhusu uchaguzi wa taifa la wenyeji

Swali la msomaji: "Mke wangu ni mwanachama wa taifa moja la wenyeji wa asili hapa Marekani. Mwaka jana walichagua baraza la uongozi, pande mbili zikajitangazia ushindi, kila moja na hesabu yake ya kura. Wiki mbili zilizopita BIA, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia mataifa ya wenyeji, imetoa barua kwamba inalitambua baraza la wenzetu wa upande wa pili. Wakili mmoja anatuambia mahakama ya shirikisho haigusi kabisa uchaguzi wa kabila. Mwingine anasema twende hata kesho. Mimi nimekulia Mombasa, nimezoea kesi za kupinga uchaguzi. Tumsikilize nani?"

Jibu:

Mawakili wenu wote wawili wana ukweli, ila kila mmoja kaishia nusu ya sentensi. Mahakama ya shirikisho haitasikiliza kesi ya kuamua nani alishinda. Inaweza kusikiliza kesi ya kuuliza kama BIA ilifuata sheria ilipoandika ile barua, na hata hiyo ni mpaka barua iwe uamuzi wa mwisho wa Wizara ya Mambo ya Ndani, iliyo juu ya BIA. Barua yenye umri wa wiki mbili, kama imetoka ofisi ya eneo au ya kanda, karibu hakika bado haijafika hapo. Mkienda mahakamani kesho, mawakili wa serikali wataweka pingamizi la awali na kesi itatupwa. Mkikaa kimya, muda wa rufaa ndani ya Wizara, ambao ni mfupi na huhesabiwa tangu kuipokea barua, utawapita. Kazi ya wiki hii ni rufaa.

Kwanza uondoe kichwani picha ya Kenya. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta matokeo ya urais na kuamuru uchaguzi urudiwe. Hakuna mahakama ya shirikisho Marekani yenye mamlaka kama hayo juu ya uchaguzi wa kawaida wa taifa la wenyeji, kwa sababu machoni pa sheria taifa hilo ni serikali yenye utawala wake, ya tangu kabla ya Marekani yenyewe kuwepo. Tangu kesi ya Talton dhidi ya Mayes, mwaka 1896, Mahakama ya Juu imeshikilia kwamba madaraka ya mataifa haya hayakutoka kwenye Katiba ya Marekani, kwa hiyo mipaka ya Katiba hiyo haiwabani moja kwa moja. Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1968 sheria ya haki za raia wa mataifa ya wenyeji, inayotaka, miongoni mwa mengine, watu wote watendewe sawa. Watu wakadhani mlango umefunguka. Mwaka 1978, katika kesi ya Santa Clara Pueblo dhidi ya Martinez, Mahakama ya Juu ikaufunga: sheria ile ipo na inafunga serikali za wenyeji, lakini mwenye malalamiko aende kwenye vyombo vya taifa lake. Njia pekee ya mahakama ya shirikisho iliyoandikwa katika sheria ile ni ya mtu aliyezuiliwa kuomba aachiwe, na mgombea aliyeshindwa hajazuiliwa.

Ndiyo maana Perry Wheeler, aliyeshindana na Ross Swimmer katika uchaguzi wa Cherokee wa mwaka 1983, alifunga safari bure. Upande wake ulijaribu kumshtaki kiongozi mwenyewe, ukajaribu pia kuishtaki Wizara kwa kukataa kuchunguza. Mwaka 1987 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya mzunguko wa kumi (mizunguko ni maeneo ya mahakama hizo za rufaa) ilikataa yote mawili. Kuhusu Wizara ilisema jambo ambalo mnapaswa kulitia akilini: kama taifa lina chombo chake cha kusikiliza malalamiko ya uchaguzi, Wizara haina kazi ya kujifanya mahakama ya rufaa juu ya chombo hicho.

BIA inaingiaje basi?

Hapa niseme kwa ajili ya wasomaji wengine: Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani si ya polisi na uhamiaji kama zetu. Ni wizara ya ardhi ya umma, mbuga, maji na mataifa ya wenyeji, na BIA ni idara iliyo chini yake. BIA haiendeshi uchaguzi wa kawaida wa mabaraza. Inaingia kwa sababu ina shughuli za kufanya na taifa, na shughuli hizo zinahitaji mtu wa kusaini. Kuna mikataba chini ya sheria ya mwaka 1975 inayoruhusu taifa kuendesha lenyewe huduma za polisi, afya au elimu kwa fedha za shirikisho. Kuna upangishaji wa ardhi inayoshikiliwa kwa amana, yaani serikali ya shirikisho inaishikilia kwa niaba ya taifa. Kuna fedha za kulipwa. Mabaraza mawili yakileta sahihi mbili, BIA inalazimika kuuliza: nani nizungumze naye leo? Benki nazo hufuata mkondo huo. Wanasheria wa benki wakiona barua mbili zinazopingana kuhusu nani msaini halali, husimamisha akaunti na kuomba barua ya BIA. Kwa hiyo karatasi ambayo kisheria ni ya shughuli za shirikisho tu, mitaani hugeuka kuwa kura ya turufu.

Hitaji hilo ni silaha kwenu, na watu wengi huisahau. Bodi ya Rufaa ya Masuala ya Wenyeji, iliyo ndani ya Wizara hiyo hiyo na inayojulikana kama IBIA, imerudia mara nyingi kwamba BIA isitoe uamuzi wa kutambua upande mmoja pasipo shughuli ya shirikisho inayoulazimu. Barua iliyotolewa tu kwa sababu upande mmoja uliomba "utambulisho" inaweza kufutwa kwa hoja hiyo peke yake, bila hata kufungua sanduku la kura. Chukueni barua yenu mtafute aya inayotaja mkataba, malipo au pango la ardhi. Isipokuwepo, hiyo iwe hoja yenu ya kwanza.

Zipo njia nyingine mbili ambazo BIA huguswa na uchaguzi. Moja ni pale katiba ya taifa lenyewe inapompa Waziri kazi fulani, mfano kuidhinisha orodha ya wanachama, na orodha ya wanachama ndiyo orodha ya wapiga kura. Hapa maneno ya katiba hubeba kila kitu. Katika kesi ya Alto, mwaka 2013, taifa la San Pasqual la California lilikuwa limeipa BIA mamlaka hayo katika sheria zake, na mahakama ikakubali kupitia ilivyoyatumia. Mwaka huo huo, katika kesi ya Cahto, taifa halikuwa limeandika popote kwamba waliofutwa uanachama wakate rufaa BIA. BIA ilijiingiza ikaamuru warudishwe, na mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tisa ikasema haikuwa na mamlaka. Jimbo lilelile, mahakama ileile, mwaka uleule, majibu mawili, na tofauti yote iko kwenye maandishi ya mataifa yenyewe. Njia ya pili ni uchaguzi unaoitishwa na Waziri, nitaufikia baadaye.

Barua kuwa ya mwisho

Kesi za aina hii hufa hapa kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sheria ya mwaka 1946 ya utaratibu wa vyombo vya serikali ndiyo inayoondoa kinga ya serikali ya Marekani na kuruhusu mtu aliyeumizwa na uamuzi wa chombo cha serikali kuomba mahakama iupitie. Haitoi fidia ya fedha. Inachotoa ni kufutwa kwa uamuzi, kurudishwa ukafanywe upya, au amri ya kumlazimisha afisa afanye jambo ambalo sheria inamtaka alifanye. Sharti lake ni uamuzi uwe wa mwisho. Mwaka 1997, katika kesi ya Bennett dhidi ya Spear, Mahakama ya Juu iliweka vipimo viwili: uamuzi uwe umefikia ukomo wa mchakato ndani ya chombo hicho, na uwe umezaa haki, wajibu au matokeo ya kisheria. Barua ya "tunaendelea kuchunguza" inaanguka kwenye kipimo cha kwanza. Barua ya ushauri tu inaanguka kwenye cha pili.

Barua ya afisa wa BIA inayoweza kukatiwa rufaa ndani ya Wizara kwa kawaida huwa imesimamishwa wakati rufaa inasubiriwa, na hivyo si ya mwisho. Mwaka 1993, katika kesi ya Darby dhidi ya Cisneros, Mahakama ya Juu ilisema mtu halazimiki kumaliza rufaa za ndani isipokuwa sheria au kanuni inamtaka hivyo na uamuzi unasimama wakati huo. Kuna watu husoma nusu ya kwanza ya maneno hayo wakakimbilia mahakamani. Kanuni za BIA zimeundwa kutimiza masharti yote mawili, kwa hiyo Darby haitawaokoa.

Someni ukurasa wa mwisho wa barua. Ikiandika kwamba mnaweza kukata rufaa ndani ya siku kadhaa, na kutaja mahali pa kuipeleka, bado mko ndani ya Wizara. Ikiandika kwamba uamuzi huu ni wa mwisho kwa Wizara, au kwamba unaanza kutumika mara moja, milango ya mahakama inaweza kuwa imefunguka. Uamuzi wa IBIA ni wa mwisho kwa Wizara. Uamuzi uliosainiwa na Waziri Msaidizi wa Masuala ya Wenyeji nao kwa kawaida ni hivyo, na ana uwezo wa kuichukua rufaa mikononi mwake badala ya kuiacha iende kwenye bodi. Kwa desturi barua ya msimamizi wa ofisi ya eneo hukatiwa rufaa kwa mkurugenzi wa kanda, na ya mkurugenzi wa kanda huenda IBIA. Lakini kanuni hizi zilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2023, kwa hiyo msifuate mwongozo wa zamani uliosambazwa kwenye vikundi vya WhatsApp. Fuateni anwani na idadi ya siku zilizoandikwa kwenye barua yenyewe, kisha mzilinganishe na kanuni za sasa.

Notisi ya rufaa si insha. Inataka ijulikane ni uamuzi upi unapingwa (ambatisheni nakala yake), nani anapinga, sababu kwa ufupi, nafuu inayoombwa, na majina na anwani za wote wanaoguswa, pamoja na upande ule mwingine. Wote hao wapewe nakala. Hoja ndefu huja baadaye. Kosa la kawaida ni kushikilia notisi hadi hoja zikamilike, muda ukapita. Bodi haiongezi muda wa kuwasilisha notisi, hata ukichelewa siku moja na hata sababu iwe ya kuhurumiwa. Tumeni kwa posta yenye risiti, mhifadhi risiti pamoja na bahasha ya BIA yenye muhuri wa tarehe, maana siku huhesabiwa tangu kupokea, na bahasha ndiyo ushahidi.

Jambo jingine hufanyika katika hatua hiyo ambalo watu hulijutia: hoja msiyoitoa kwenye rufaa ya ndani, mahakama ina kila sababu ya kukataa kuisikia baadaye. Kama katiba ya taifa inataka akidi fulani na haikufikiwa, semeni sasa. Kama orodha ya wapiga kura ilibadilishwa baada ya tarehe ya mwisho, wekeni orodha zote mbili sasa, zikiwa na hati ya kiapo ya mtu aliyezishika. Mahakama itaamua kwa kusoma jalada lililokuwa mbele ya Wizara. Kwa kawaida hakuna mashahidi kupanda kizimbani, wala fursa ya kumhoji afisa wa BIA alikuwa anafikiria nini. Kisichokuwa kwenye jalada, machoni pa jaji hakikutokea.

Na sambamba na haya yote, kama taifa lenu lina mahakama au bodi ya uchaguzi, pelekeni malalamiko huko ndani ya muda wake, ambao mara nyingi ni siku chache tu. Mahakama za shirikisho zinadai mtu amalize kwanza vyombo vya taifa lake, na BIA nayo inatakiwa iheshimu uamuzi wa vyombo hivyo. Katika Runs After dhidi ya Marekani, kesi ya mwaka 1985 iliyotoka kwa Cheyenne River Sioux, walalamikaji walikwama hapo.

BIA ikikataa kuchagua

Kuna wakati tatizo ni ukimya. Mwaka 1982 Lower Brule Sioux wa Dakota Kusini walikuwa na mzozo wa mabaraza mawili, na BIA ikakataa kusimama na upande wowote. Kesi ya Goodface dhidi ya Grassrope ilifika mahakama ya rufaa ya mzunguko wa nane mwaka 1983. Jibu lake bado ndilo msingi: kukataa huko kuliliacha taifa bila serikali inayofanya kazi, na kulikuwa matumizi mabaya ya madaraka, hivyo mahakama ingeweza kuiamuru BIA itambue baraza moja kwa muda. Hapo hapo ikamkemea jaji wa chini kwa kwenda mbali zaidi na kuanza kuamua mzozo wa uchaguzi wenyewe. Kutambua ni kwa muda, mpaka taifa limalize lenyewe.

Kama BIA imenyamaza, njia huanza kwa barua. Kanuni zina utaratibu wa kumwandikia afisa ukimtaka aamue, kisha kukata rufaa dhidi ya ukimya wake. Sheria ya 1946 nayo inaruhusu kuiomba mahakama ilazimishe jambo lililocheleweshwa bila sababu, ila tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2004 ni lazima liwe jambo mahususi ambalo sheria inamtaka afisa alifanye. "BIA isimamie vizuri" haitoshi. "BIA ijibu ombi la tarehe fulani la mkataba fulani" inatosha kuanzia.

Mahakama hupima nini?

Tuseme mmefika, barua ni ya mwisho. Jaji hataweka maoni yake mahali pa maoni ya BIA. Atauliza kama uamuzi ulikuwa wa kiholela, kama ulikwenda kinyume cha sheria, kama BIA ilieleza sababu zake na kama sababu hizo zinaungana na ushahidi wa jaladani.

Kesi ya Ransom dhidi ya Babbitt ndiyo ningewapa mwisome usiku mmoja mzima. Saint Regis Mohawk, mpakani mwa New York na Kanada, walipiga kura mwaka 1995 kuhusu katiba mpya. Katiba ilitaka angalau asilimia 51 ya kura. Iliyopatikana ilikuwa asilimia 50.9. Ikatangazwa imepita, serikali mpya ikaundwa, mahakama mpya ikaundwa chini ya katiba hiyo, na mahakama hiyo ikasema katiba ni halali. BIA ikasema inaiheshimu mahakama ya taifa. Mwaka 1999 jaji wa shirikisho mjini Washington alikataa: huwezi kuthibitisha uhalali wa katiba kwa kutegemea mahakama ambayo uhai wake unatokana na katiba ileile inayobishaniwa. Kuheshimu vyombo vya taifa ni kanuni, lakini BIA ilikuwa na wajibu wa kutazama kama chombo chenyewe kilizaliwa kihalali. Kama upande wa pili unajivunia hukumu ya mahakama yao, chunguzeni majaji wale waliteuliwa na nani, na lini.

Upande wa pili wa mizani kuna Cayuga wa New York, taifa lisilo na katiba iliyoandikwa. Mwaka 2016 kundi moja liliendesha zoezi la kuwaandikia wananchi wake kwa posta wasaini fomu ya kuunga mkono. BIA ilishughulika na zoezi hilo, walio wengi wakasaini, BIA ikalitambua kundi hilo. Wapinzani walisema sheria ya jadi huteua viongozi kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 2019 mahakama iliuacha uamuzi usimame: maelezo ya BIA yalikuwa na mantiki, jalada liliyabeba, basi. Si lazima jaji akubaliane nayo. Mimi sioni raha na uamuzi ule, maana zoezi la posta linaweza kuzima taratibu za koo zilizoishi karne nyingi, lakini kwa kipimo cha sheria ya 1946 ni vigumu kuona jaji angefanya nini kingine.

BIA inapokataa kutambua kwa sababu wanachama wamenyimwa sauti, mahakama huwa upande wake. Taifa la Seminole la Oklahoma liliwaondoa wazao wa watumwa walioachwa huru, ambao mkataba wa 1866 uliwapa haki sawa, kisha likafanya uchaguzi bila wao mwaka 2001. Wizara ilikataa kuwatambua waliochaguliwa, na mwaka 2002 mahakama ikaiunga mkono. Katika kesi ya California Valley Miwok, mwaka 2008, kikundi kidogo sana kilileta katiba kwa niaba ya taifa ambalo lingeweza kuwa na wanachama wapatao 250. Waziri alikataa, mahakama ikakubali kwamba ana wajibu wa kuhakikisha walio wengi wanashirikishwa. Kesi hiyo ilitegemea mafundisho ya zamani ya kuipa serikali nafasi katika kutafsiri sheria yenye utata, na mafundisho hayo Mahakama ya Juu iliyafuta Juni 2024 katika kesi ya Loper Bright. Matokeo ya kesi za zamani hayakufutika, ila mkinukuu yoyote iliyosema "tunaikubali tafsiri ya Wizara kwa kuwa inaingia akilini", upande wa pili utasimama kupinga.

Uchaguzi wa Waziri

Huu ni mnyama tofauti, na hapa mahakama ina mlango mpana zaidi. Chini ya sheria ya mwaka 1934 ya kuyapanga upya mataifa haya, taifa linaloandika au kurekebisha katiba yake kwa njia hiyo hupigiwa kura inayoitishwa na Waziri na kusimamiwa na BIA. Marekebisho ya 1988 yaliweka siku: katiba mpya, uchaguzi uitishwe ndani ya siku 180 tangu ombi, marekebisho ya katiba, siku 90. Baada ya kura Waziri ana siku 45 kuidhinisha au kukataa, na anaweza kukataa tu ikiwa inapingana na sheria. Asipojibu ndani ya siku 45, imeidhinika. Sheria yenyewe inasema kesi za kutekeleza masharti haya zipelekwe mahakama ya wilaya ya shirikisho, maneno ambayo hamtayakuta kwa uchaguzi wa kawaida wa baraza.

Wingi wa kura za ndiyo peke yake hautoshi. Lazima waliopiga kura wasiwe chini ya asilimia 30 ya wenye haki ya kupiga. Orodha ikiwa na wapiga kura 1,000, kura 299 zote za ndiyo zinaanguka, ilhali kura 300 zenye ndiyo 151 zinapita. Na uchaguzi huu una uandikishaji wake, kuwa kwenye daftari la uchaguzi wa baraza hakukuingizi. Watu wengi huligundua hilo siku ya kura. Anayepinga matokeo awe kwenye orodha hiyo, awe alipiga kura, na pingamizi lenye ushahidi liwe limeifikia ofisi ya BIA ndani ya siku 5 tangu matokeo kubandikwa. Hapa lililo muhimu ni siku ya kufika, tofauti na siku ya kutuma.

Vinavyoua kesi hata ikiwa nzuri

Cha kwanza ni wakati. Muda wa kisheria wa kuishtaki serikali ni miaka sita, na wengi hujipa starehe kwa hilo. Muhula wa baraza unaweza kuwa miaka miwili. Timbisha Shoshone wa California walifika mahakama ya rufaa mwaka 2012 wakibishana kuhusu utambuzi wa zamani, wakakuta uchaguzi wa 2011 umeshafanyika na Wizara imetambua matokeo yake. Mahakama ikasema hakuna kilichobaki cha kuamua. Kama hali ni ya dharura ombeni amri ya zuio siku mnayofungua kesi, mkijua vigezo vinne: uwezekano wa kushinda, madhara yasiyorekebishika, uzito wa madhara kwa kila upande, na maslahi ya umma. Fedha zilizopotea mara nyingi hazihesabiwi kuwa madhara yasiyorekebishika.

Cha pili ni kumshtaki asiyeshtakika. Taifa lina kinga, baraza pinzani litajificha chini ya kinga hiyo, na kuliunganisha kunawapa pingamizi la bure. Washtakiwa wenu ni Wizara, BIA na maafisa waliotoa uamuzi, kwa nyadhifa zao. Kesi inaweza kufunguliwa Washington au katika wilaya ya shirikisho mambo yalikotokea. Hati za wito ziende kwa mwanasheria wa serikali wa wilaya hiyo, kwa Mwanasheria Mkuu mjini Washington na kwa chombo kilichoshtakiwa, ndani ya siku 90. Serikali ina siku 60 za kujibu.

Cha tatu ni kutumia jina la taifa. Mkifungua kesi kama "taifa fulani dhidi ya Marekani", swali la kwanza la jaji litakuwa nani aliwapa ruhusa, na jibu lake ndilo mzozo wenyewe. Wekeni pia wanachama binafsi kama wadai, kila mmoja akieleza alivyoumizwa: aliondolewa kwenye kiti cha baraza, kura yake ilikataliwa, jina lake lilifutwa.

Nawe ndugu yangu, kwa kuwa si mwanachama, huwezi kuwa mdai hata kama nyumba yenu imepoteza kipato kwa mzozo huu. Mkeo ndiye mwenye kesi. Wewe unaweza kuapa hati ya kiapo kwa uliyoyaona kwa macho yako, na unaweza kuipeleka notisi posta kabla siku ya mwisho haijafika.